Kigugumizi cha Verdine

"Kaa vizuri, Bi. Stackhouse, usije ukakalia nywele za watu," alisema Otha Grimes, akakipangusa kiti cha pili kwa taulo.

Luvenia Stackhouse akakaa, mkoba magotini. Kabla ya kufungua ofisi yake ya upelelezi mjini Memphis alikuwa mchunguzi wa madai ya bima za mazishi. Kazi hiyo ilimkutanisha na wajane watatu wa marehemu mmoja, wote wakilia machozi ya kweli, kila mmoja akiapa kwamba mume alikuwa wake peke yake. Kwa hiyo wanaume wawili kugombea wimbo mmoja hakukumshangaza hata kidogo.

Wimbo wenyewe ulikuwa "Fungua, Verdine." Mwaka 1956 Mzungu mmoja wa Tennessee aitwaye Dub Hollister, dereva wa lori la soda, aliurekodi kwa mtindo wa roki, na kabla mwaka haujaisha akawa hajui tena anamiliki magari mangapi. Kwenye santuri, mahali pa jina la mtunzi, liliandikwa la meneja wake, Norval Pickens, mtu ambaye hata mluzi hakujua kupiga. Tangu hapo wimbo uliimbwa na Waingereza wenye nywele za mabegani, Wameksiko wenye tarumbeta, watu wa Texas wenye kofia pana, na bendi moja ya Japani iliyovaa suti za dhahabu. Sasa ulikuwa mwaka 1979. Pickens alikuwa kaburini, na Hollister, sijui kwa kusutwa na dhamiri au na umri, alikuwa amewaambia mawakili ukweli: aliusikia wimbo ule kwenye sanduku la muziki la mgahawa wa samaki, hapa Marlow Bend, Arkansas. Santuri ile ya kwanza haikuwa na jina la mtu. Iliandikwa tu "Kijana wa Marlow."

Kesi ingesikilizwa Jumatatu. Leo ilikuwa Ijumaa, na wakili Isadore Feltman alikuwa na hati mbili za kiapo mezani kwake. Kinyozi Otha Grimes aliapa kuwa yeye ndiye Kijana wa Marlow. Mchungaji Ezell Mabry naye aliapa vivyo hivyo.

"Nikimpandisha kizimbani kijana asiye kijana," Feltman alimwambia Luvenia, "hakimu atatufukuza sote, na wimbo utabaki mali ya marehemu mpaka kiama. Nenda kaniletee mmoja."

Ndiyo maana Luvenia alikuwa kwenye kiti cha kinyozi.

"Tuanze na Verdine," alisema. "Ni nani?"

"Verdine Fontaine, binti mdogo wa Shemasi Fontaine." Otha aliushusha wembe kwenye shingo ya mteja wake, mzee aliyejaa povu mpaka masikioni. "Alikuwa mzuri, dada yangu! Akipita barabarani, saa ya mnara inasimama."

"Hata mimi nilipeleka posa," mzee akasema kutoka ndani ya povu.

"Tolliver, nyamaza, wembe uko kooni mwako."

"Nilipeleka na ham nzima, paja la nguruwe la moshi. Waliila, wakanirudishia kamba."

Luvenia alingoja wamalize. Asubuhi ile alikuwa amempigia simu Verdine mwenyewe, ambaye siku hizi aliishi Detroit. Verdine alicheka mpaka akakohoa. "Mama, wanaume wa Marlow Bend wote wameimba mlangoni kwetu, hata viziwi," alisema. "Hakuna hata mmoja niliyemfungulia. Niliyewahi kumfungulia ni mtu mmoja tu, tena baada ya kunipa gauni." Kisha akakata simu, kwa sababu, alisema, tamthilia zake zilikuwa zimeanza kwenye televisheni.

"Sasa, Bwana Grimes. Kwenye wimbo, mwimbaji hasemi 'Verdine.' Anasema 'Ver-ver-Verdine.' Kile kigugumizi kilitoka wapi?"

Otha aliuinua wembe juu kama mtu aliyesubiri swali hilo maisha yake yote.

"Ahaa! Hapo ndipo utamjua mwenye mali. Ilikuwa Januari. Chumba cha kurekodia hakina jiko, na baridi inauma kama deni. Meno yanagongana. Nafungua mdomo niseme Verdine, linatoka Ver-ver-Verdine! Mwenye studio akaruka kitini. Akaniambia, kijana, usikiguse hicho, hicho ndicho kitakacholisha wajukuu wako."

"Na studio ilikuwa wapi?"

"Memphis. Beale Street. Ingekuwa wapi tena?"

Beale Street ndiyo barabara aitajayo kila mtu ambaye hajawahi kurekodi Memphis.

"Hebu niimbie."

Otha aliimba. Alikuwa na sauti tamu, na kigugumizi kilitoka sawasawa, mara mbili halafu jina, kama kwa Hollister. Mzee Tolliver alipiga makofi chini ya shuka.

"Umeimba vizuri sana, Bwana Grimes."

"Nimeimba kama mwenyewe," Otha akasema.

Kanisa la Mchungaji Mabry lilikuwa ng'ambo ya barabara, likitazamana na duka la kinyozi kama wake wenza. Mchungaji alimpokea ofisini, akafunga mlango, akahakikisha umefungika, kisha akafunga na dirisha. Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka arobaini na saba, mwenye suti ya kijivu na kitambaa cha kufutia jasho ambacho alikitumia hata pasipo jasho.

"Mchungaji," Luvenia alianza, "nimeambiwa Jumapili ya Pasaka uliuita wimbo huu kengele ya jehanamu."

"Niliuita."

"Na wiki hiyohiyo ukaapa kwamba umeutunga wewe."

"Kila kengele ina mfuaji wake, dada yangu." Mchungaji alijifuta paji la uso. "Mtume Paulo naye alikuwa na mambo yake kabla hajashika njia ya Dameski. Nani afahamuye ubaya wa wimbo kuliko aliyeutunga?"

"Kwa nini unasema Ver-ver-Verdine?"

Mchungaji aliinamisha kichwa. Aliposema tena, alisema kwa sauti ya Jumapili.

"Ulimi wangu ulikuwa uwanja wa vita. Shetani anauvuta mbele, anasema, tamka! Bwana anaurudisha nyuma, anasema, usitamke! Ver… na Bwana anavuta. Ver… na Bwana anavuta. Mwisho, dada yangu, nilishindwa. Verdine!"

"Amina," Luvenia alisema, kwa vile palikuwa kimya na ilionekana anangojewa yeye. "Mlirekodi wapi?"

Hapa Mchungaji akajibu bila madoido. "Nyuma ya duka la matairi. Unapanda ngazi ya mbao, ya tatu imevunjika. Pananuka mpira ulioungua. Chini ya ngazi amefungwa mbwa mwenye jicho moja, anaitwa Jenerali."

Mgongo wa Luvenia ulinyooka. Mwenye studio alikwisha kufa, lakini mjane wake, ingawa hakuwahi kumwona mwimbaji, alikuwa amemweleza Feltman kuhusu mahali hapo: duka la matairi, ngazi mbovu, mbwa chongo. Habari hizo hazikuwa zimeandikwa popote. Mtu asiyewahi kufika pale asingelijua hata jina la mbwa.

"Niimbie kidogo, Mchungaji."

Aliimba kwa kunong'ona, jicho moja mlangoni. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, lakini kigugumizi kilikaa mahali pake bila kosa.

Luvenia alitoka akijiambia kwamba kazi imekwisha na kwamba njaa imeanza. Angekula, ampigie Feltman simu, arudi Memphis kabla jua halijapoa. Mchungaji alikuwa shahidi wa kuaibisha, lakini alimjua mbwa. Mahakama hupenda mtu anayemjua mbwa.

Mgahawa wa Lucious Bragg, uleule wa samaki alioutaja Hollister, ulikuwa na meza za plastiki na harufu ya mafuta ya moto. Bragg mwenyewe alimletea kambare wa kukaanga, mboga za majani na glasi ya chai baridi yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Luvenia aliitoa ndani ya gari gramafoni yake ndogo ya mkononi, akaiweka kando ya sahani. Wakili alikuwa amempa matoleo yote ya wimbo, naye alikuwa hajayasikiliza yote. Alizoea kumaliza kila kilicho kwenye jalada, na kila kilicho sahanini.

Alianza na Hollister. Ver-ver-Verdine. Akaweka Waingereza. Ver-ver-Verdine, kwa puani. Wameksiko walibadilisha maneno yote isipokuwa hilo. Mtu wa Texas aliimba kama anayeita ng'ombe, akagugumia palepale. Bragg alikuwa amesimama na taulo begani.

"Na hao ni akina nani?"

"Wajapani."

"Wanasemaje?"

"Sijui. Ngoja." Walingoja. Likaja: Ve-ve-Verudini.

"Maskini," alisema Bragg. "Wametoka mbali hivyo kuja kugugumia."

Luvenia aliacha uma hewani. Otha aligugumia kwa baridi. Mchungaji aligugumia kwa vita vya roho. Lakini hawa wote waligugumia sawa kabisa, mara mbili halafu jina, na hawakuwa na baridi wala roho. Walikuwa wamemwiga Hollister. Na Hollister alimwiga nani?

"Bwana Bragg, lile sanduku la muziki alilolisikia Hollister. Mlilitupa?"

"Kulitupa? Liko nyuma, kwa kuku. Namkumbuka yule kijana. Enzi zile Mzungu hakuwa na desturi ya kukaa na sisi humu ndani, basi alikuwa anakula ndani ya lori lake, pale nje ya dirisha la jikoni, na wimbo ukilia anapiga usukani kwa mikono yote miwili yenye mafuta."

Walikwenda nyuma. Sanduku lilikuwa bado na taa zake na urembo wake wa shaba, na juu yake alikuwa ameketi kuku mweusi aliyewatazama kama karani wa benki anayewatazama waomba mkopo.

"Huyo anaatamia," Bragg alionya. "Usimguse. Mimi mwenyewe ninaogopa."

Luvenia, aliyewahi kumhoji mjane mwenye shoka, alivua koti lake, akamfunika kuku pamoja na mayai yake, akamhamisha mzimamzima kwenye debe. Kelele zilizotoka ndani ya koti hazifai kuandikwa. Bragg alifungua kifuniko kwa kisu cha samaki. Ndani, katikati ya vumbi na manyoya, santuri zilikuwa bado zimepangwa. Ya nne kutoka kushoto ilikuwa na karatasi ya rangi ya machungwa: Fungua, Verdine. Kijana wa Marlow.

Waliipangusa kwa siki ya jikoni, wakaiweka kwenye gramafoni. Kwanza ilikwaruza kama mvua kwenye bati. Kisha piano ikaingia, moja tu, na sauti nzito, nene, iliyotoka chini kabisa ya kisima.

"Ndiyo hiyo," Bragg alinong'ona. "Ndiyo hiyohiyo."

Ikafika mahali penyewe. *Ver-ver-Verdine.*

Luvenia hakuwa anasikiliza. Alikuwa anatazama. Alinyanyua mkono wa gramafoni, akaurudisha nyuma kidogo. Ver. Sindano iliruka. Ver. Ikaruka tena. Verdine, ikaendelea na safari. Aliinua santuri, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mchubuko mmoja, mrefu kama kidole, ulikuwa umekata njia za sindano.

Aliirudisha, na mara hii, ilipokaribia pale, aliweka ncha ya kidole juu ya kichwa cha sindano na kukandamiza kidogo.

*Fungua, Verdine, baridi inanila.*

Wazi na laini, bila kigugumizi.

"Bwana Bragg, huu mchubuko uliingiaje?"

Bragg alianza kuikunja taulo kwa uangalifu mkubwa. "Ni mambo ya zamani."

"Bwana Bragg."

"Mke wangu alipiga sanduku kwa kikaango."

"Kwa nini?"

"Alikuwa ananilenga mimi." Alikunja taulo tena. "Palikuwa na mhudumu mmoja wa mezani, anaitwa Carlotta. Tulikuwa tunahesabu vijiko."

"Na baada ya hapo santuri ikawa inaruka."

"Watu waliipenda hivyo! Ikifika pale mgahawa mzima unapiga kelele, Ver-ver-Verdine! Sikuwa na sababu ya kununua nyingine."

Luvenia alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alianza kucheka, akajizuia, akashindwa.

"Kwa hiyo Waingereza wanagugumia, na Wajapani wanagugumia, na dunia nzima inagugumia, kwa sababu mkeo alikufumania ukihesabu vijiko."

"Usimwambie," Bragg alisema. "Atataka jina lake nalo liandikwe."

Lakini Luvenia alikwisha kuacha kucheka. Kijana wa Marlow hakuwahi kugugumia hata siku moja. Basi anayegugumia si yeye. Otha alijifunza wimbo kwenye sanduku hili au kwenye redio, na Mchungaji vilevile, amjue mbwa asimjue. Wote wawili walikuwa wameziua hoja zao kwa ulimi wao wenyewe.

Aliiweka santuri mara ya tatu, sasa asikilize maneno. Hollister aliimba: nimevua viatu, viko mkononi, fungua kabla baba hajaamka. Santuri ya kwanza haikusema viatu.

*Nimevua soksi za hariri, nisizichane ukutani. Fungua, Verdine, kabla baba hajaamka.*

"Bragg, wewe uliwahi kumwona mwanamume wa hapa amevaa soksi za hariri?"

"Mmoja, lakini alihamia Chicago."

"Baba anayesemwa hapa ni baba wa nani?"

"Wa Verdine. Shemasi Fontaine, na bunduki yake."

"Wa Verdine, ndiyo. Na wa nani mwingine?" Niliyewahi kumfungulia ni mtu mmoja tu, Verdine alisema, tena baada ya kunipa gauni. Mwanamume hahongi kwa gauni lake. "Shemasi alikuwa na mabinti wangapi?"

"Wawili. Verdine, na Zeno…" Bragg aliishia hapo, kisha akacheka kwa nguvu hata kuku akajibu ndani ya koti. "Zenobia? Mama Fontaine? Dada yangu, yule ndiye mkuu wa wahudumu wa kanisa! Alimtoa mkwe wangu nje ya ibada kwa kutafuna bazoka. Na mdomo ulikuwa umefungwa!"

"Sauti yake ikoje?"

Kicheko cha Bragg kilipungua polepole. Aliitazama gramafoni.

"Akisema 'kaa chini' kanisani," alijibu, "mbwa waliopo nje hukaa."

Zenobia Fontaine alikuwa anapiga pasi glovu nyeupe za wahudumu. Alikuwa na miaka hamsini na tano, mgongo umenyooka kama mlingoti, na alimruhusu Luvenia kuingia jikoni baada ya kumwangalia viatu.

"Unauza nini?"

"Siuzi, Mama. Naitwa Luvenia Stackhouse, natoka Memphis. Nimekuja kuuliza juu ya wimbo."

"Nyimbo ziko kanisani. Kitabu chekundu."

"Huu unaitwa Fungua, Verdine."

Pasi haikusimama. "Wimbo wa kipuuzi. Mchungaji wetu ameshasema juu yake. Kuna jingine?"

"Santuri inasema soksi za hariri, Mama."

"Santuri husema mengi."

"Na mlikuwa mabinti wawili nyumbani."

"Wasichana wawili kwenye nyumba moja si kosa la jinai. Hata Arkansas."

Huyu alikuwa mgumu. Luvenia aliona kwamba maswali yangemalizika kabla ya glovu. Akakusanya pumzi, akaimba mwenyewe. Sauti yake ilikuwa mbaya, alilijua hilo tangu shule, na hakujaribu kuificha. Aliimba viatu badala ya soksi. Pasi ikasimama kidogo, ikaendelea. Aliharakisha mstari wa pili kama Waingereza. Zenobia akakunja midomo. Kisha Luvenia akavuta pumzi, akasema kwa nguvu zake zote:

"Fungua, Ver-ver-ver-ver-Verdi…"

"Acha!"

Glasi zililia kabatini. Luvenia, ambaye hakuwa amepanga kufanya hivyo, alikaa chini.

"Acha, acha, acha! Nani aliwafundisha kugugumia?" Zenobia alikuwa ameinua pasi kama rungu. "Miaka yote hii! Kwenye redio wanagugumia, dukani wanagugumia, kwenye arusi ya mpwa wangu bendi imegugumia mbele ya keki! Mimi nilisema Verdine. Verdine! Jina la dada yangu nalijua, nimelitamka tangu nikiwa na miaka mitatu. Ningeligugumiaje?"

Kisha akasikia alichokisema. Aliiweka pasi juu ya kishikio chake, taratibu.

"Haya," alisema. "Umenipata."

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Alikuwa akiimba usiku kwa siri kwenye vilabu vya miji ya mbali, na Verdine akizuia mlango mpaka apewe kitu. Siku ya baridi kali sana bei ilikuwa gauni la kijani. Nusu ya wimbo ule Zenobia aliutunga amesimama uani, bila viatu, akimbembeleza mdogo wake kupitia tundu la ufunguo. Mwenye studio alipomsikia alimpa jina la Kijana wa Marlow, maana sauti ilifaa na jina la Fontaine lisingefaa: Shemasi angemuua. Shemasi alipofariki, yeye alikwisha kuvaa nyeupe na kusimama mlangoni mwa kanisa.

"Na ningesemaje? Mkuu wa wahudumu, na mama wa kengele ya jehanamu?"

"Nani alikupeleka Memphis?"

"Ezell Mabry. Alikuwa na lori la pamba la baba yake. Sikumruhusu kupanda juu, alikuwa anapenda kuongea mno. Alikaa chini na mbwa mpaka nilipomaliza."

Luvenia alikodoa macho. Hapo ndipo ngazi, na harufu ya mpira, na Jenerali mwenye jicho moja vilipokaa mahali pake. Mchungaji alimjua mbwa kwa sababu mbwa ndiye aliyekaa naye.

"Mama Fontaine, kuna jambo unapaswa kulijua. Mchungaji Mabry ameapa kwa wakili kwamba wimbo ni wake."

"Ezell amefanya nini?"

"Ameapa. Mkono juu ya Biblia."

Zenobia aliichomoa pasi kwenye umeme. Alivua aproni, akaitundika. Akachagua glovu mbili, akazivaa kidole kwa kidole.

"Lete hiyo santuri yako," alisema.

Kwaya ilikuwa kwenye mazoezi na Mchungaji alikuwa mbele, akieleza maana ya unyenyekevu. Mama Fontaine alipita katikati ya viti bila kuharakisha. Watu walinyooka kila alipopita. Mmoja alimeza kitu.

"Ezell."

Hakuna aliyewahi kumsikia akimwita hivyo. Mchungaji alimwona, akamwona na Luvenia nyuma yake, akatoa kitambaa.

"Mama Fontaine! Tulikuwa tunazungumzia…"

"Nani ametunga Fungua, Verdine?"

Mchungaji alitazama dari. Dari haikumsaidia.

"Mama, naomba tuzungumze ofisini."

"Uliapa mbele ya Biblia. Jibu mbele ya kwaya."

"Niliona…" Alijifuta uso, na safari hii palikuwa na jasho. "Niliona mwenyewe huutaki. Miaka na miaka, umekaa kimya. Otha ndiye aliyeanza kuudai! Nikasema, wimbo ni yatima, na badala ya kulelewa na kinyozi, heri nimlee mimi."

"Na kila Pasaka unamchapa yatima wako madhabahuni?"

Mtu mmoja kwenye kwaya, mstari wa besi, alitoa sauti ambayo baadaye alisema ni kikohozi.

Zenobia hakucheka. Alisogea mpaka kwenye ngazi ya madhabahu. "Ningeweza kukusamehe kuuiba," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini umenifanya niuonee aibu. Nimesimama mlangoni hapo, nimevaa nyeupe, nikakusikiliza ukiuita uchafu, na ulijua ni wa nani. Humu ndani wewe pekee ndiye uliyejua."

Mchungaji alifungua mdomo. Pengine alikuwa na mstari wa Maandiko tayari. Lakini aliufunga, akakaa kwenye ngazi ya madhabahu kama mtu aliyechoka, na aliposema hakutumia sauti ya Jumapili.

"Nilikupeleka mimi," alisema, akiwatazama kwaya. "Nilikaa chini na mbwa nikila karanga. Sikuusikia hata ukirekodiwa. Ni wake. Wote ni wake, mwanzo mpaka mwisho."

"Utasema hivyo Jumatatu?" Luvenia aliuliza.

"Nitasema."

"Na Jumapili?"

"Jumapili itakuwa ngumu zaidi," alisema. "Lakini nitasema."

Zenobia alikwenda kwenye piano. Mpigaji alimwachia kiti bila kuambiwa. Alivua glovu, akaziweka juu ya kitabu chekundu, akatafuta sauti ya kwanza kwa kidole kimoja, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyokaa zamani. Kisha akaimba. Hakuimba kwa haraka ya Hollister. Aliimba kama mtu aliyesimama kwenye baridi kwelikweli. Akafika kwenye jina, na kwaya nzima, kwa mazoea ya maisha, ikafungua midomo igugumie naye. Aliwatupia jicho moja tu, na midomo yote ikafungwa. Verdine, aliimba. Kwenye ubeti wa pili wanawake wa sauti ya pili walikuwa wanapiga makofi. Kwenye wa tatu Otha Grimes alikuwa amesimama mlangoni na wembe mkononi, na nyuma yake Mzee Tolliver, amenyolewa upande mmoja.

"Mama wee," Otha alisema polepole. Akauficha wembe mfukoni. "Bi. Stackhouse, ile hati yangu… mtu anaweza kuichana?"

"Anaweza."

"Basi ichane. Mimi najua nikishapigwa."

Simu ilikuwa ofisini kwa Mchungaji. Luvenia aliacha mlango wazi. Wakili Feltman alipokea kabla mlio haujaisha.

"Mchungaji au kinyozi?" aliuliza.

"Hakuna hata mmoja. Kijana wa Marlow ana miaka hamsini na tano, anaitwa Zenobia Fontaine, na ni mkuu wa wahudumu wa kanisa. Nina santuri ya kwanza, nina shahidi aliyempeleka studio, na nina mdogo wake Detroit akipatikana nje ya saa za televisheni."

Luvenia alisikia kalamu ikianguka.

"Mawakili wa upande wa pili watasema mwanamke hawezi kuwa na sauti ile."

"Hilo analijua. Ndiyo maana ana swali. Anauliza kama chumba cha mahakama kina piano."

"Piano? Bi. Stackhouse, ile ni Mahakama ya Shirikisho. Hakuna piano."

Luvenia aliufunika mkono wa simu kwa kiganja. "Anasema hakuna piano, Mama."

Zenobia hakugeuka. Alikuwa anawaonyesha wanawake wa sauti ya pili mahali pa kuingilia.

"Mwambie atafute," alisema. "Na aipange sauti vizuri. Nitafika mapema."